Laptopu ya Baba Mkwe

Nestory wa Bagara alikuwa mwoga, na hilo lisemwe mapema ili mtu asije akamlilia bure. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mwenye mikono myepesi watu humsamehe mengi, lakini moyo ulikuwa wa kuku. Alipokuwa mdogo kule juu Dareda aliifungua redio ya baba yake, akakuta mende amekufa ndani, akamtoa, redio ikaimba. Mtoto mwingine angekimbia kusema nimeitengeneza. Yeye aliirudisha kabatini, akajificha nyuma ya zizi, akingoja baba aiwashe na kushangaa mwenyewe. Mtoto wa hivyo hakui, anarefuka tu.

Akarefuka, akashuka mjini Babati, akawa fundi wa laptopu. Fundi wa nyumbani. Hakuwa na kibanda wala bango. Kazi aliifanyia sebuleni, juu ya meza ile ile wanayolia ugali, na ikifika saa ya chakula mke wake Coletha alizisogeza zile skrubu ndogo kwa ubavu wa kiganja kama anayefagia makombo. Nyumba nzima ilikuwa imevikwa. Coletha alifundishwa na mama yake kufuma vitambaa, kwa hiyo makochi yalivaa, televisheni ilivaa, redio ilivaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na kofia ya uzi mweupe. Meza ya kazi tu ndiyo ilibaki uchi.

Watu walimletea mashine, na kila mashine ilikuja na uongo wake. Mwalimu mmoja, Sabaha, alileta yake akasema imezima yenyewe tu, haijaguswa na mtu. Nestory akaigeuza kichwa chini, uji ukamwagika mezani. Uji wa ulezi, na sukari yake, na sisimizi wake. Sabaha akaangalia dari.

"Yenyewe kabisa," akasema.

"Inawezekana, mwalimu," akajibu Nestory, akachukua kitambaa akapangusa.

Mwanamume mwingine wa Sigino alinyeshewa na yake, akaenda kuianika juu ya bati pamoja na mahindi. Herufi zilikunjamana kama dagaa. Nestory alimwambia nini? Alimwambia jua la siku hizi ni kali. Basi. Hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja, wewe ndiye uliyeua hii mashine, usirudie. Alitengeneza, akarudisha, wakaenda kuua tena. Watu walimwita mpole. Mji huu ukiona mtu hana mdomo unamwita mpole.

Baba mkwe wake alikuwa mtu wa namna nyingine. Mwalimu Leonard wa Bonga alifundisha mpaka wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza, na alikuwa na sauti ya kumfikia ng'ombe ng'ambo ya korongo. Nestory alipokwenda kumposa Coletha, mzee alimwangalia toka viatu mpaka nywele, akauliza, "Kwa hiyo wewe unashika bisibisi?" Hakumuuliza lingine. Miaka yote iliyofuata walikuwa wa shikamoo na marahaba, na habari za mvua.

Kisha kiharusi kikampiga Mwalimu akiwa shambani anafokea mbuzi wa jirani. Upande wa kulia ukafa. Ulimi ukafa nao. Mtu aliyefokea watu maisha yake yote akabaki na mmm moja tu, na mmm hiyo hiyo ndiyo ilikuwa maji, ndiyo ilikuwa choo, ndiyo ilikuwa toeni huyu mgeni anayesali sana. Ukikosea kubahatisha anapiga ukuta kwa mkono wa kushoto.

Mtoto wake wa kwanza, Severini, yupo Mwanza. Alituma laptopu iliyokwisha kutumika ofisini kwao, nzito kama jiwe la kusagia. Nestory akaikarabati, akaweka herufi kubwa za kujaa kioo, akampa Coletha aipeleke Bonga. Mzee aliwekewa mapajani juu ya blanketi. Akaitazama muda mrefu, akanyoosha kidole kimoja cha kushoto, akaanza kuokota herufi moja moja kama kuku anayedonoa. Watu wakadhani ataandika anaumwa wapi. Aliandika MARAHABA.

Walikuwa wamemwamkia tangu augue, na yeye shikamoo zote zilikuwa zimemkaa kooni. Mama Severini, mke wake, alitoka nje akalilia kwenye banda la kuku.

Tangu hapo nyumba ikapata kelele zake tena. MAMA SEVERINI CHUMVI HAKUNA. KATEKISTA SALA IWE FUPI. NANI AMEUZA NDAMA. Simu walimjaribia, ikashindikana, kidole chake kizito kiligusa herufi tatu kwa mpigo. Coletha alimwandikia alfabeti kwenye kipande cha boksi ili awe anaonyesha, mzee akakipiga kikaruka mpaka chini ya kitanda. Amefundisha alfabeti miaka yote hiyo, halafu leo arudishwe darasa la kwanza na mtoto aliyemzaa mwenyewe? Laptopu ndiyo ilikuwa ulimi wake. Hakuwa na mwingine.

Na ulimi huo ukawa mgonjwa.

Mara ya kwanza Coletha aliuleta umefungwa ndani ya kanga, anasema unazima katikati ya maneno. Nestory akafungua. Vumbi limejaa kwenye feni kama sufi. Akapiga brashi, akafuta ile dawa nyeupe iliyokauka kwenye sehemu ya kupozea, akapaka nyingine, akafunga, akawasha. Kwenye kioo yakatokea maneno ambayo mzee aliyaacha hajayafuta: NESTORY FENI INALIA KAMA MBUZI.

Nestory alisoma, akasoma tena. Baba mkwe hajawahi kumtania. Akaangalia kama Coletha yuko jikoni, kisha akaandika chini yake: SHIKAMOO BABA. IMEPONA.

Mashine ilirudi Bonga ikakaa kidogo, ikarudi Bagara. Safari hii mzee alikuwa ameandika: MARAHABA. HAIJAPONA. INANICHOMA MAPAJA. WEWE NI FUNDI AU MPISHI. Nestory alicheka mpaka skrubu zikaanguka. Akang'oa feni nzima, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, akaandika majibu yake, akairudisha. Wakawa wanaongea hivyo, mtu na mkwe wake, kwa kupitia ugonjwa wa mashine. Ukweli ni kwamba fundi alianza kufurahi ikiharibika. Alikuwa anaisubiri kama barua, na hakujiuliza sana kwa nini inaungua kila mara, wakati za wanafunzi wa chuo zilizochoka kuliko hiyo zilikuwa zinadumu.

Angejuaje, nawe utauliza. Alikuwa haioni inapokaa. Laptopu ilikaa chumbani kwa wazee, na kwao mkwe mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hata nyumba iwake moto, atamwagia maji dirishani. Wala hamwambii mama mkwe kosa lake. Akiwa na neno analipitisha kwa mke, mke anakwenda kulisema kwa namna yake. Nestory akienda Bonga alikaa sebuleni, anakunywa chai, anamsikia mzee akidonoa herufi nyuma ya pazia, na mama mkwe anatoka na kuingia kueleza mzee amesema nini.

Mara ya tatu ndipo alipoona. Feni ilikuwa haizunguki. Akaingiza kibano, akavuta, ukatoka uzi mwekundu. Akavuta tena, ukaendelea kutoka, umejiviringisha kwenye kile kimhimili kama uzi kwenye kigogo chake. Nestory akaushika juu ya mwanga. Akaangalia televisheni yake ilivyovaa. Akaangalia redio.

"Mama Venance," akamwita mke wake, maana mtoto wao wa kwanza ni Venance. "Mashine ya baba, akiwa haandiki, inakaaje?"

"Inakaa vizuri. Mama anaifunika."

"Ikiwa imezimwa?"

"Baba hataki izimwe. Anasema ikizimwa inachelewa kuamka, na yeye akitaka kusema anataka kusema sasa hivi."

"Inakaa juu ya nini?"

"Juu ya blanketi, pembeni yake. Ungetaka ikae wapi, sakafuni?"

Basi picha yote ikamjia. Mashine inawaka, chini blanketi limeziba inapovutia hewa, juu kitambaa kimeziba inapotolea, imelala hapo inajipika kama maharage. Hakuna vumbi lililoiua, wala uzee. Ilikuwa inauawa kwa usafi na kwa mapenzi, na mkono uliokuwa unaiua ni ule asioruhusiwa kuugusa hata kwa maneno.

"Mwambie mama asiifunike," akasema. "Kitambaa ndicho kinachoiua."

Coletha akaacha kuchambua mchicha. "Kile kitambaa mama alikifumia hospitali, amekaa sakafuni, baba hajitambui. Nikamwambie ndicho kinachomnyima baba ulimi? Kamwambie wewe."

"Mimi ni mkwe."

"Na mimi ni mtoto. Tuone nani ana nafuu."

Mchicha ukaendelea kuchambuliwa.

Nestory alijaribu, tusimnyime hilo. Alipiga simu Bonga. Alitoka nje kabisa, akasimama kwenye migomba ili asisikiwe. Mama Severini akapokea, akafurahi, akauliza habari za Venance, akauliza kama mahindi ya Bagara yameota sawasawa. Nestory akasema yameota. Akauliza mbuzi hawajambo? Hawajambo, mmoja amezaa. Akasema, mama, kuna kitu kuhusu ile mashine. Mama akasema, eeh mwanangu, Mungu akubariki kwa hiyo mashine, bila wewe mzee wangu angekuwa gogo. Nestory akasema amina. Akakata simu, akabaki ameishika mkononi kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Coletha alipoirudisha mashine alipewa neno la kupeleka, na alilipeleka. Lakini njiani, toka Bagara mpaka Bonga, neno lilivuliwa mifupa yote. Alipofika alimwambia mama yake, fundi anasema mashine inaumizwa na vumbi.

Mwanamke kama Mama Severini humwambii habari ya vumbi halafu ukalala. Ilikuwa imeingia baridi, upepo wa mlima Kwaraa unapiga, barabara inatoa vumbi jekundu. Alikwenda sokoni kutafuta nyuzi za sweta, nene, akafuma kifuniko kipya cha kushuka mpaka chini pande zote, akakitia bitana ya blanketi kuukuu, akakiwekea kamba za kufungia. Aliona na ile feni ikipuliza kwa kasi, akasema maskini, inatetemeka, nayo inasikia baridi. Akawa anaifunga kama mtoto wa kubebwa mgongoni. Mzee alikuwa akipiga ukuta. Yeye anaifungua, mzee anaandika neno lake, yeye anaifunga tena.

Coletha aliliona lile vazi alipokwenda kuwasalimia. Alirudi nyumbani, akapika, hakusema kitu. Sijui walimu wa dini wanaita dhambi gani hiyo.

Mara ya mwisho mashine ilikuja na vazi lake. Kabla haijafunuliwa harufu ilishajaa sebuleni, harufu ya nywele zilizoungua. Nestory alifungua zile kamba, akageuza bitana, akatazama, akakiweka kile kifuniko kwenye kochi kwa adabu, kama nguo ya marehemu. Akabonyeza. Kioo cheusi. Hakuna mbuzi, hakuna mpishi, hakuna neno lolote la utani.

Akafungua tumbo. Bodi ilikuwa imebadilika rangi katikati, kahawia, kama chapati iliyosahauliwa. Alifanya yote mikono yake iliyoyajua. Alisafisha kwa spiriti. Alichomelea upya palipopasuka. Alipitisha moto wa taratibu, akaacha ipoe, akawasha, taa moja ndogo ikawaka, feni ikazunguka nusu, ikazima. Basi ndiyo ilikuwa pumzi yake ya mwisho. Alichukua maiti nyingine tatu za laptopu zilizokuwa chini ya kitanda akajaribu kuziunganisha zitoe mzima mmoja, zikakataa. Alimpigia fundi mmoja wa Arusha akamweleza aina na hali yake, yule akamuuliza ina umri gani, akamwambia, kaka, hiyo zika. Severini alisema atatuma nyingine. Kisha akasema tena atatuma.

Kazi za wengine ziliendelea kuja, na aliziponya. Sabaha alirudi, safari hii ni chai. Nestory akaitengeneza ya Sabaha huku ile ya mzee imelala pembeni imefunuliwa mbavu, na hakumwambia Sabaha kitu.

Huko Bonga, Mwalimu Leonard aliacha kupiga ukuta. Hilo ndilo lililomtisha mke wake. Akipewa uji anafunga meno. Katekista alisali sala ndefu kupita zote alizowahi kusali, mzee akamwangalia tu. Mama Severini akapiga simu mwenyewe, akaomba Baba Venance aje, hata kama hana mashine, kwa sababu mzee anaangalia mlango na hamwangalii mwingine yeyote.

Walikwenda wote wawili, Nestory na Coletha. Mama mkwe aliwapokea kwa mikono miwili, amekonda, kanga ya kichwa imelegea. Akawakalisha, akaleta chai, akakaa mbali kidogo na mkwe wake kama ilivyo desturi. Kisha akaanza kujilaumu.

"Sijui lilipita wapi hilo vumbi, mwanangu. Mimi nililiziba kila mahali. Usiku nilikuwa naamka napapasa kama kamba zimekaza."

Coletha aliangalia miguu yake. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya Nestory, imewekwa mezani na chai. Mama mwenyewe ameuliza. Angesema, mama, haikuwa vumbi, mashine yoyote itakayokuja kesho iacheni ipumue. Angesema kwa upole, angesema akiangalia kikombe, lakini angesema.

"Vumbi ni baya, mama," akasema Nestory.

Akanywa chai.

Mama Severini akafuta macho, akaenda kuvuta pazia la chumbani na kulifunga pembeni, ili mgonjwa na mkwe waonane. Nestory akainuka, akasogea, akasimama. Kizingiti cha mbao kilikuwa mbele ya viatu vyake. Ndani kilikuwa chumba kidogo tu, kitanda, dirisha, kalenda ya parokia, hatua chache za mtu mzima. Mzee alikuwa ameegemezwa mito. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale ya kuuliza kuhusu bisibisi.

"Shikamoo, baba," akasema Nestory pale pale aliposimama.

Mzee hakutoa hata mmm. Alimwangalia. Kisha mkono wa kushoto ukatambaa taratibu juu ya blanketi mpaka mapajani, pale pale ilipokuwa inakaa mashine, na kidole kikainuka.

Kikadonoa. Kikapanda kidogo, kikadonoa. Kikaenda juu zaidi, upande wa kulia, kikadonoa, na bila kuhama kikadonoa tena pale pale.

Coletha hakuona kitu, na mama yake hakuona kitu. Lakini Nestory alikuwa ameng'oa na kupachika hizo herufi mpaka anazijua kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi. Alijua herufi iliyo safu ya chini, na iliyo juu yake kidogo, na ile ya juu kulia inayobonyezwa mara mbili. Alisoma kwenye blanketi tupu, waziwazi, kama imewaka kwenye kioo. NJOO.

Mzee akasubiri. Kisha akaandika tena, chini, juu kidogo, juu kulia, juu kulia.

Katika Babati nzima mtu wa kumsoma Mwalimu Leonard bila mashine alikuwa mmoja, na alikuwa amesimama mlangoni. Angevuka, angeketi ukingoni mwa kitanda, mzee angeandika kwenye blanketi mpaka achoke. Nestory aliangalia kile kizingiti. Aliangalia kitanda cha mama mkwe. Viatu vyake vikabaki pale pale.

"Ana muwasho siku hizi," akasema Mama Severini. "Anajikuna-kuna tu hivyo mchana kutwa." Akaingia, akaketi kitandani, akauchukua ule mkono wa mume wake katikati ya mikono yake miwili, akaubana kwa upendo ili utulie. Kidole kilihangaika kidogo ndani ya viganja vyake, kikaacha.

Akageuza uso kumwangalia fundi, kama mtu anayeuliza dawa.

"Mpake mafuta, mama," akasema Nestory.

Kisha akaaga. Aliaga vizuri, ameinamisha kichwa, kwa adabu zote, kutokea mlangoni.